Kuiandaa Hilux ya zamani kwa njia za kusini kwa spea za skrepa

Wakuu, msimu wa korosho ukikaribia maswali huwa ni yaleyale, nina Hilux dabo kebini ya kawaida tu, ile ya kabla ya Vigo, nataka iwe inaingia vijijini hata mvua zikishaanza, hela yenyewe ni ya mawazo, nianze na nini. Na mara nyingi anayeuliza ameshafunga bampa la chuma mbele na taa sita juu ya keria, ukiangalia chini tairi ni zilezile za lami na zimeshaisha meno. Hapo gari imependeza kwa picha tu.

Nitaelezea namna ya kuiandaa kwa spea za kuokoteza, maana huku kwetu gari zilizokufa hazikosekani. Kuna Surf zilizopinduka, Prado zilizoungua injini, magari ya miradi yaliyouzwa mnadani, Hiace zilizochoka na daladala, na haya malori ya saruji na makaa ya mawe yanayoacha vyuma kila gereji kuanzia Masasi mpaka Mtwara mjini. Kisichopatikana huku unaagiza Dar, Ilala au Gerezani, kinakuja na basi kama kifurushi. Mfano wangu ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, sio lita), springi za pleti nyuma na tosheni baa, yaani fimbo za kujisokota, mbele. Mwenye Surf ya zamani mengi yatamhusu pia ila nyuma kwake ni koili.

Sheria yangu ni moja na siibadilishi hata mtu akiniletea cha bure: chuma chukua cha mtumba, mpira na vyenye oili ya presha nunua vipya. Rimu, pleti, hoki za kuvutia, mabamba, keria, tanki za upepo, rilei, hivyo vyote skrepa vipo vizuri tu, chuma kikiwa na ufa au kutu utakikuta ukikisugua na brashi ya waya na kukiangalia juani. Ila shokapu, hozi za breki, bushi, bol jointi, tairodi na tairi, hivyo vinachokea ndani ambako huoni. Sasa mtu anaokoa hela kwenye bol jointi halafu anaimwaga kwenye spotilaiti, mimi hapo huwa nanyamaza tu.

Kabla hujashika spana jiulize unaenda wapi hasa. Mchanga wa Msimbati na ule mwekundu wa juu huko Newala na Tandahimba hautaki nguvu, unataka tairi iliyotanuka na dereva asiyekanyaga breki hovyo. Udongo mweusi wa Nangurukuru kwenda Liwale ni habari nyingine, ukilowa unajaa kwenye meno ya tairi mpaka gari inaenda kama iko juu ya sabuni. Halafu kuna maji, Lukuledi, Mbwemkuru, Matandu na vijito vyake visivyo na majina. Na mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili, Mei, mwanzo wake unakutana na minada ya korosho, yaani gari inabeba watu na magunia kwenda AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wakati njia ndo zinaanza kuharibika. Ukijua ni lipi kati ya hayo linakukwamisha zaidi utajua hela iende wapi kwanza.

Tairi na rimu

Hapa ndo pa kuanzia na ukiishia hapahapa bado umefanya kazi kubwa kuliko mwenye bampa. Watu wanadhani ukinyanyua springi difu nayo inapanda, haipandi. Difu ya nyuma iko kwenye eksoli na eksoli inakaa juu ya tairi, kitu pekee cha kuinyanyua ni tairi lenyewe. Piga hesabu ndogo. 205/80R16 ina kipenyo cha kama milimita 734, ukienda 265/70R16 ni kama 777. Tofauti ni 43, ukigawa kwa mbili umepata sentimita mbili chini ya difu. Unaweza kuziona chache, subiri uingie kwenye mkondo uliochimbwa na malori uone sentimita mbili zinavyoamua nani alale porini.

Ila kila kitu kina bei yake. Tairi ikikua kwa asilimia 6 hivi dashibodi itakwambia 80 na we uko karibu na 85, na gari itakuwa nzito kidogo kuondoka. 3L sio injini ya mbio, ukimvalisha tairi kubwa sana kupanda Newala na mzigo utakuwa unashuka gia mpaka unachoka. Kwa injini hizi mimi naishia 265/70R16, au 235/85R16 kwa mtu wa matope zaidi kuliko mchanga, maana hiyo ni nyembamba na ndefu, inakata tope kutafuta ardhi ngumu chini. Hiyo ya pili ina kama milimita 806, kwahiyo uwezekano wa kukata kidogo plastiki za ndani ya madigadi upo.

Rimu sasa ndo za skrepa. Hilux ina matundu sita, mzunguko wa milimita 139.7, na Surf, Prado za zamani, Land Cruiser 80 na hata Hiace wanatumia hiyohiyo. Land Cruiser 100 ana matundu matano, usipoteze nauli. Lakini kuingia kwenye bolti sio kukaa. Rimu ya Hiace inaivuta tairi ndani zaidi, ukiivalisha tairi pana itakuwa inasugua mkono wa mbele au pleti, ya Land Cruiser 80 nayo inaitoa tairi nje mpaka inachungulia nje ya madigadi na inazitesa beringi. Kwahiyo funga rimu moja mbele, zungusha stelingi mwisho kulia na mwisho kushoto, kisha ingiza mkono wako nyuma ya tairi uone nafasi. Spesa za kuchongesha kwa fundi tena za aluminiamu nyepesi sizitaki kabisa.

Angalia na nati. Rimu za aloi za Toyota nyingi zinataka nati yenye shingo na washa bapa, za chuma zinataka nati ya koni. Ukichanganya itakaza na utaona imekaza, halafu baada ya kokoto za kutosha inaanza kulegea. Ukinunua rimu za aloi skrepa ng'ang'ania upewe na nati zake.

Rimu iliyopinda kidogo ukingoni ya chuma inanyooshwa, ya aloi yenye ufa achana nayo hata kama imechomelewa vizuri. Paka maji ya sabuni pembeni ukishajaza upepo, mapovu yatakuonyesha inapovuja.

Kuhusu tairi za mtumba, najua wengi tutanunua tu maana bei ya mpya inajulikana, basi angalau soma tarehe. Pembeni kuna maandishi ya DOT na mwisho wake tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, ikiwa bado ndefu ila tairi ina umri wa miaka kumi na pembeni kuna nyufa ndogondogo, hiyo imekaa stoo imekauka, ukiitoa upepo mchangani pembeni yake itakunjwa na hapo ndo itapasuka. Na zote nne zilingane, pima mzunguko kwa futi kamba ya fundi cherehani. Hilux haina difu ya katikati, ukiweka fo wili mbele kubwa na nyuma ndogo boksi la kati, lile linalogawa nguvu mbele na nyuma, linajibana mpaka unasikia gari inagoma kukata kona. Spea tairi nayo iwe saizi hiyohiyo, sio ile ya zamani iliyobaki chini.

Kunyanyua

Hapa wengi wanapitiliza. Sentimita nne zinatosha. Ukienda zaidi unaanza kuua sivi jointi za mbele kwa sababu zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa, raba zake zinachanika, mchanga wa Msimbati unaingia, basi tena.

Mbele Hilux hizi zina fimbo mbili ndefu za chuma zinazofanya kazi kwa kujisokota, ndo tosheni baa, zinaishia kwenye krosmemba katikati ya gari na kila moja ina bolti ndefu ya kurekebishia. Hakuna cha kununua hapo. Pima kwanza kutoka katikati ya hab mpaka ukingo wa madigadi kila upande, andika. Panda jeki mpaka tairi zining'inie, weka stendi za chuma au magogo mapana chini ya chesisi, sio tofali za block, zile zinapasuka bila taarifa. Mwagia dizeli au oili ya kutu kwenye hizo bolti siku moja kabla. Kaza mizunguko sawa kulia na kushoto, shusha gari, iendeshe mbele na nyuma mita kadhaa ikae, ndo upime tena. Ukipima bila kuiendesha utadanganyika. Halafu chungulia ile raba inayozuia mkono usishuke kupita kiasi, ikiwa mkono umeshaigusa gari imesimama tu, umezidisha, kila ukitoka kwenye shimo utasikia kishindo. Legeza. Ukimaliza peleka alaimenti, bila hiyo tairi zako za hela nyingi zitaliwa upande mmoja kabla hujafika Mingoyo mara tatu.

Nyuma ni kuongeza pleti. Tafuta pakiti ya Hilux nyingine iliyokufa, upana ni milimita 60, za Land Cruiser mkonga ni pana zaidi hazikai. Chagua pleti ndefu yenye mkunjo mzuri bado, inakaa chini ya ile kubwa yenye macho. Sugua kutu yote, angalia ufa hasa kuzunguka tundu la bolti ya katikati, paka grisi, funga. Kama ni ndefu ikate kwa grainda taratibu huku unaimwagia maji, usiikate kwa gesi na usiruhusu mtu achomelee chochote juu ya pleti. Chuma cha springi kimepikwa kwa moto maalum, ukikichoma tena pale panakuwa laini au panavunjika kama biskuti, na pataamua kuvunjika ukiwa na magunia kumi na tano kule Kilimarondo. Yubolti nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza tena baada ya kilomita mia hivi.

Pleti moja inatosha. Ukiongeza mbili au tatu gari tupu itakuwa inaruka kama haina springi kabisa, na tairi ikiwa hewani haivuti kitu.

Sasa kuna kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka na ndo kinanifanya nisimwachie mtu gari peke yake. Nyuma, juu ya difu, kuna vavu ya breki yenye fimbo inayoshuka mpaka kwenye eksoli. Kazi yake ni kupima mzigo, gari ikikaa chini inajua imebeba, inaruhusu breki ya nyuma zaidi, gari ikinyanyuka inajua iko tupu inapunguza. We umenyanyua nyuma sentimita nne, vavu inadhani uko tupu siku zote, unabeba tani moja unashuka Newala na breki za nyuma zimepunguzwa. Dawa ni kuinyanyua ile vavu kwa kibamba kwa kiasi kilekile ulichonyanyua gari, kisha jaribu breki sehemu tambarare ukiwa mtupu na ukiwa na mzigo. Na uangalie hozi ya breki tairi zikining'inia kabisa, isiwe imevutika kama kamba ya kuanikia.

Maji

Kila mtu anataka snokeli na hakuna anayeuliza kuhusu briza za difu. Difu ina kijitundu cha kupumulia juu. Umetembea kilomita mia difu imepata moto, ukaingia mtoni, hewa ndani inapoa ghafla inasinyaa na inavuta chochote kilichopo nje, yaani maji, kupitia kijitundu au sili za eksoli. Oili inakuwa rangi ya chai ya maziwa na beringi zinaanza kulia baada ya wiki mbili. Chukua hozi ndogo ya mafuta ya milimita 8, hii nunua mpya ni bei ndogo, ifunge kwenye briza ya difu ya nyuma, ya mbele, gia boksi na boksi la kati, zipandishe zote mpaka juu karibu na ukuta wa injini, mwishoni weka kichujio kidogo cha mafuta cha pikipiki kuzuia vumbi. Kazi ya mchana mmoja.

Snokeli ya kutengeneza tumia bomba la eksozi la inchi tatu, zipo kwenye malori yaliyokatwa. PVC inafanya kazi kwa muda ila jua la huku linaifanya ngumu inapasuka kwenye kona. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa asili wa boksi la ea klina, injini itakosa pumzi na kutoa moshi mweusi. Ndani lisuguliwe liwe safi kabisa, kipande kimoja cha slagi ya welding kikipita kichujio umemaliza injini. Na usisahau boksi lenyewe la ea klina, chini lina kitundu cha kumwaga maji, na mfuniko wake raba imekauka. Hapo ndo maji yanapoingilia kwenye snokeli nyingi za mtaani, kule juu panaonekana pazuri na chini panavuja. Jaribio ni rahisi, washa gari iwe sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo wa juu kwa kiganja kilichofunikwa kitambaa kinene. Ikizima, umeziba vizuri. Ikiendelea kunguruma kuna sehemu inavuta hewa, tafuta.

Kwa mavumbi ya kiangazi wapo wanaochukua kile kikombe cha kuchuja vumbi cha trekta la zamani wanakivalisha juu ya bomba. Wazo zuri, ila kumbuka Massey Ferguson 135 ni injini ya lita 2.5 inayozunguka mara elfu mbili na kidogo kwa dakika, 3L ni lita 2.8 na inafika elfu nne, kwahiyo kikombe kimoja kidogo kitaibana. Tafuta cha trekta kubwa.

Na snokeli haikupi ruhusa ya kuingia maji yanayokimbia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara kuu ya Lindi kwenda Dar ilikatika, na mwenye snokeli na asiye nayo wote walikaa foleni moja. Shuka, chukua fimbo, mtu avuke kwa miguu kwanza pale penye maji yaliyotulia. Miguu ikishindwa kusimama gari nayo itasombwa. Kabla ya kuingia funga turubai mbele ya grili, inasaidia maji yasirushwe na feni juu ya injini na feni yenyewe isijipinde ikakata rejeta.

Upepo wa kujitegemea

Hii ndo sehemu ninayoipenda kwenye gari nzima. Mchangani unatakiwa kushusha upepo, kutoka psi 32 au 35 ya lami mpaka 18, ukikwama kabisa 15. Chini ya hapo tairi ya tubeless inaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona. Watu hawashushi kwa sababu moja tu, hawana pa kujazia wakirudi, na kurudi lami na 18 ni kuchoma tairi. Sasa kama AC yako ilishakufa au huitumii, kompresa yake ni pampu ya upepo iliyokaa bure na tayari ina belti. Kama yako haina, Corolla au Surf iliyokufa inayo, ila utachongesha bracketi.

Gesi iliyobaki mwite fundi AC aitoe, usifungue mwenyewe. Kisha upande wa kuvuta weka kichujio, upande wa kutoa tumia bomba la chuma au shaba kwa nusu mita ya kwanza maana upepo unatoka wa moto, hozi ya plastiki itayeyuka. Baada ya hapo vavu ya kuzuia upepo kurudi, kisha tanki. Tanki chukua la breki la lori, lile dogo, limeshatengenezwa kwa presha, angalia kutu ndani kwa tochi kupitia tundu na uhakikishe bolti ya kumwagia maji chini inafunguka. Mtungi wa gesi ya kupikia au wa kuzimia moto usithubutu. Vavu ya usalama nayo inatoka kwenye lori hilohilo, bila hiyo usiwashe kabisa, kompresa haijui kusimama yenyewe.

Shida ya kompresa hizi ni moja, oili yake ilikuwa inazungushwa na gesi. Gesi haipo, kwahiyo inakauka. Kila ukitaka kutumia dondoshea oili kidogo upande wa kuvuta, na iendeshe kwa vipindi, jaza tairi mbili pumzisha, jaza mbili. Upepo utatoka na oili kidogo, sio mzuri kwa mpira ukizidi, ndo maana tanki linatakiwa limwagwe chini kila mara. Swichi ya klachi yake ipitishe kwenye rilei na fyuzi.

Na tukiwa hapo kwenye umeme, nipite haraka. Rilei za skrepa ni nzuri ila soma zimeandikwa volti ngapi. Ya lori ni 24, ukiiweka kwenye Hilux ya 12 itasinzia, haivuti vizuri. Namba zake ni zilezile, 85 na 86 ni za swichi, 30 inatoka betri, 87 inaenda kwenye taa. Balbu mbili za wati 55 zinakula ampia tisa na kitu, fyuzi ya 15 na waya wa 2.5 inatosha. Taa mbili nzuri zimefungwa chini mbele zinakuonyesha mashimo kuliko sita za juu zinazomulika boneti yako mwenyewe.

Kuvutwa na kujivuta

Utakwama. Swali ni utavutwa ukamatiwe wapi. Ile pete nyembamba ambayo gari ilikuja nayo kutoka Japani ilikuwa ya kuifunga kwenye meli, sio ya kukutoa kwenye tope la Liwale. Hoki za Land Cruiser au lori dogo zipo skrepa, zifunge kwenye chesisi yenyewe kwa bolti mbili kila moja, kichwani ziwe zimeandikwa 8.8 au 10.9. Isiyo na namba irudishe. Mbele mbili, nyuma mbili. Usichomelee kwenye bampa na usivutwe kwa lile goroli la kufungia trela, likikatika linaruka na kuingia kioo cha gari inayovuta, watu wamekufa duniani kwa kitu hicho. Mnyororo nao usivutie kwa kushtua, utumie kuvuta taratibu tu. Weka turubai au gunia zito juu ya kamba katikati na watazamaji wote, maana kijijini watajaa, wakae mbali mara mbili ya urefu wa kamba.

Mikanda ya kiti ya gari zilizokufa ni mizuri kufungia madumu na mizigo kwenye bodi, ila sio ya kuvutia gari. Za kuwekea chini ya tairi omba vipande vya mkanda wa konveya, ule mpira mnene wenye nyuzi, kata vipande vya mita moja na nusu, toboa mwishoni funga kamba ya kuvivuta vikizama. Kwenye mchanga vinafanya kazi na kwenye tope pia, na havikunji. Vipande vilivyobaki fanya madflapu. Jeki ya chupa ya lori ichukue pamoja na ubao wa mninga wa sentimita 30 kwa 30, bila ubao jeki inazama na gari inabaki palepale.

Bamba la chini ni chuma cha milimita 4 kutoka kwenye bodi ya lori, pipa ni jembamba linakunjwa na kisiki cha kwanza. Acha tundu la kumwagia oili ya sampu na acha nafasi ya hewa. Na kwenye njia za nyasi, Liwale huko mwezi wa sita nyasi zimekauka na zimezidi boneti, funga wavu wa dirishani mbele ya rejeta, mbegu zinaziba mpaka gari inachemka na hujui kwanini, na kila ukisimama chungulia kwenye eksozi na juu ya bamba utoe majani. Gari zinaungua kweli kwa namna hiyo.

Keria usiijaze. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, manne ni mtu mzima amekaa juu ya paa lako kwenye mteremko. Vizito vyote viwe chini kwenye bodi, mbele ya eksoli ya nyuma.

Difu za skrepa, kama utabadili kwa sababu yako imekufa, lazima uwiano ulingane na ya mbele. Nyanyua nyuma, zuia tairi moja, zungusha nyingine mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela uliyoichora chaki. Ikizunguka nne na kidogo sana ni 4.1, nne na nusu ni nyingine kabisa. Ukifunga isiyolingana halafu uweke fo wili sehemu ngumu boksi la kati litapasuka. Na kila kitu unachonunua skrepa dai risiti yenye namba ya gari kilikotoka, hasa injini, maana injini ikibadilika namba yake inatakiwa iingie kwenye kadi ya gari TRA, na trafiki akifungua boneti huna haja ya hadithi.

Ukimaliza usiende Liwale moja kwa moja. Ipeleke Msimbati asubuhi ukiwa na gari ya pili, shusha upepo, zunguka mchangani, rudi ujaze kwa kompresa yako. Kesho yake lala chini na spana, kaza yubolti, nati za rimu, bolti za hoki, gusa kila sehemu uliyoifungua, halafu fungua bolti ya kujazia ya difu ya nyuma uchovye kidole uangalie rangi ya oili.